Tumbo la Mwatiko

Jumatatu asubuhi Adelfa alisimama mbele ya friji, mlango wazi, mkono mmoja kiunoni, akipanga chakula cha wiki. Kulikuwa na nusu boga, fungu la matembele yaliyoanza kulegea, na bakuli la nyama ya nguruwe ya siki iliyobaki Jumapili. Nyama ingetosha mchana ikiongezewa viazi. Matembele yaliwe leo, kesho yatakuwa ya kutupa. Mayai aliyatenga kwa ajili ya Jumatano. Alinyanyua trei ya mayai, ikaja nyepesi. Mtu alikuwa amekula mayai yote kisha akairudisha trei tupu mahali pake, kifuniko kimefungwa vizuri.

Akafungua kopo la aiskrimu. Halikuwa na aiskrimu, na hilo ni jambo la kawaida, maana mji mzima wa Dumangas kopo la aiskrimu ni la kuwekea ng'onda, samaki wa kukaushwa kwa chumvi. Lakini na ng'onda nao hawakuwamo.

Hii ndiyo ilikuwa kazi yake tangu alipoolewa na Rustico: kujua kilichomo, kilichokwisha, kinachokaribia kuoza na nani hali nini. Mama mkwe wake, Bibi Consorcia, alikatazwa chumvi na kila siku aliitafuta. Krizel, binti mkubwa, aliacha wali tangu alipopata kazi kwenye duka la simu. Jomar, mdogo wake wa sekondari, alikula kila kitu isipokuwa kile kilichopikwa. Rustico naye akimwona mtu anapita nje saa ya chakula humwita, "Karibu tule," kama adabu inavyotaka. Mtu mwenye adabu hujibu kwamba ameshiba, akaenda zake. Rafiki za Rustico walikuwa wakiingia.

Na kila jioni kila mmoja wao, kabla hajavua viatu mlangoni, aliuliza swali lile lile: kitoweo ni nini? Hawakuuliza kimetoka wapi wala kimebaki kiasi gani. Mtu angeweza kuwapiga kwa mwiko.

Jumanne, Adelfa akiwa anaosha mchele, alishikwa na hamu ya ndizi za kukaangwa kwa sukari ya kuungua, zile zinazouzwa kwenye vijiti nje ya shule. Yeye ndizi hizo hazipendi, zinamnata kwenye meno. Alitulia, mikono bado majini, akaichunguza hamu ile. Ilikuwa njaa ya Jomar. Aliitambua kama anavyozitambua soksi za mwanawe kwenye kamba. Mchana ikaingia ya Rustico, nzito na yenye haraka, ikidai wali kwanza na maneno baadaye. Ikafuata ya Krizel, imenuna. Ya Bibi Consorcia ilifika mwisho kwa sababu mwenyewe hutembea polepole, nayo ilitaka ng'onda.

Jioni alitenga chakula na hakuna aliyenyoosha mkono. Rustico alisema tumbo lake liko kimya tangu mchana. Adelfa, aliyekuwa na njaa ya watu wanne, alikaa akala. Kadiri alivyokula, Rustico alilegeza mkanda, Jomar akacheua, na Krizel akasema kwake imetosha. Bibi Consorcia alieleza kwamba shangazi yake wa Guimaras aliumwa jino la mumewe miaka yote ya ndoa, na mume akazikwa na meno yake kamili. Baada ya hapo walizungumzia umeme, kwamba utakatwa kesho asubuhi.

Mkunga wa kituo cha afya alimpima Adelfa mapigo na kumwuliza habari za minyoo. Alisema hali hiyo huwapata zaidi akina mama wenye watoto wakubwa, na kwamba yeye mwenyewe hulala usingizi wa mumewe, mtu wa zamu za usiku, kwa hiyo asishangae kumwona anapiga miayo. Alimpa vidonge vya minyoo na kumshauri atafune polepole.

Nyumba ikazoea upesi, maana raha haihitaji mafunzo. Rustico aligundua kwamba saa ya chakula sasa ni saa ya karata. Jomar alibaki uwanjani na mpira wa kikapu mpaka giza. Bibi Consorcia aliwasifia majirani jinsi mkaza mwanawe alivyorahisisha maisha, kwamba siku hizi inaoshwa sahani moja tu. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Huu ulikuwa wa wali, mara tatu kwa siku, pamoja na vitafunio vya saa nne na vya saa kumi.

Adelfa alikuwa ametumaini kwamba angalau kupanga chakula kutakuwa rahisi, kwa kuwa sasa njaa zote zinamletea habari zenyewe. Haikuwa hivyo. Zilikuwa zikigombana humo ndani, moja inataka mbaazi na fenesi, nyingine supu ya tambi, na akishamaliza kuzipatanisha, wenyewe walikuja kulalamika.

"Mama, jana umekula wali sahani mbili," Krizel alimwambia, ameshika zipu ya sketi. "Angalia. Hainifungi."

Rustico alimwomba atafune vizuri, kwa kuwa usiku kucha alijaa gesi. Bibi Consorcia shinikizo la damu lilimpanda, na mkunga akaja nyumbani kwa miguu kumkaripia Adelfa: mtu mzima kama yeye anakulaje ng'onda akijua kuna mgonjwa? Adelfa alisema njaa ya mama mkwe ilimsumbua tangu alfajiri. Mkunga alisema njaa si ya kudekezwa. Bibi Consorcia alitikisa kichwa, kwa masikitiko.

Alasiri moja, akiwa amekwisha kula kwa niaba ya wote na wote wameshiba huko waliko, Adelfa alisikia bado kuna kitu. Kwanza alidhani ni njaa ya mbwa wa jirani. Akaangalia vizuri. Ilikuwa ndogo, imejibanza nyuma, karibu na mlango, kama mtu aliyekuja kuomba kitu akaona aibu kubisha. Ilimchukua muda kuijua, maana hawakuwa wameonana siku nyingi. Ilikuwa njaa yake mwenyewe, nayo ilitaka tumbo la mwatiko.

Mwatiko, samaki wa mabwawa ya Dumangas, ana miba kila mahali isipokuwa tumboni, na tumboni ndiko kwenye mafuta yote. Katika kila nyumba inajulikana tumbo ni la nani. Wiki ya kwanza ya ndoa, Bibi Consorcia aligawa samaki na kumsogezea bibi harusi lile tumbo. Adelfa alikataa, kama binti aliyelelewa anavyopaswa kukataa mara ya kwanza. Akasema yeye hupenda kichwa. Alingoja abembelezwe mara ya pili ili apokee. Rustico alikuwa ameshalitia mdomoni.

Tangu siku hiyo vichwa vyote vikawa vyake. Wageni wakija, Bibi Consorcia aliwaonya kwa fahari kwamba kichwa kisiguswe, ni cha Adelfa, anavyokipenda! Alimaanisha wema, na ndiyo maana haikuwezekana kumwambia kitu.

Jumapili iliyofuata Adelfa alinunua mwatiko mnene, akamjaza nyanya na vitunguu, akamchoma kwa jani la mgomba. Akatenga sahani tano mezani. Akawaita wote, nao wakaja, Jomar na mpira kwapani.

"Nataka kila mtu achukue njaa yake," alisema. "Leo tu. Mlo mmoja."

Walitazamana.

"Tuichukueje, mama?" Rustico aliuliza. "Sisi hatukukuletea. Zimekuja zenyewe."

Krizel alisema ana zamu mchana, na akianza kusikia njaa dukani nani atamsimamia kaunta. Jomar alisema wenzake wanamngoja. Bibi Consorcia alimshika Adelfa mkono kwa upole.

"Kwani tatizo nini, mwanangu? Chakula kipo, na mlaji ni wewe."

"Na mimi nina njaa, Mama. Ya kwangu."

"Basi si ule," Rustico alisema. "Samaki huyo hapo. Nani amekuzuia?"

"Nataka tumbo."

Hapo ndipo waliposhangaa. Krizel aliacha kutazama simu. Jomar aliuweka mpira chini, ukajiviringisha mpaka chini ya kabati na hakuna aliyeufuata.

"Lakini wewe unapenda kichwa," Bibi Consorcia alisema.

"Sijawahi kukipenda."

"Kila mtu anajua unapenda kichwa. Mimi mwenyewe nimewaambia watu." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeibiwa. "Miaka yote hii ukakaa nasi mezani, ukatudanganya?"

Adelfa alitaka kusema mengi. Alikuwa na hasira iliyomfika kooni, na kwenye koo hilo hilo palitakiwa kupita chakula cha watu wanne. Akavuta kiti, akakaa, akajivutia tumbo lote, akatia tonge la kwanza mdomoni.

Lilikuwa tamu kuliko alivyokuwa akifikiri miaka yote. Utamu ulipita kooni, akausikia ukishuka, ukafika pale njaa yake iliposimama, halafu ukaipita. Rustico alifumba macho, akaegemea.

"Huyu amenona kweli," alisema, na kujipigapiga tumbo.

Adelfa akatia tonge la pili. Hilo lilikwenda kwa Krizel, aliyesema mafuta yamezidi. Lililofuata Jomar alilipokea akiwa amepiga magoti, akiutafuta mpira wake chini ya kabati. Mwisho likabaki tonge dogo, limechanganyika na nyanya, na Bibi Consorcia akasema, akiwa bado amenuna, kwamba limekosa chumvi.

Mezani kikabaki kichwa. Hakuna aliyekidai, kwa hiyo Adelfa alipokila kilimfikia. Njaa yake ilikitazama. Ilikuwa imelelewa naye, nyumba moja, adabu moja. Ikasema ahsante, imeshiba.

Krizel aliondoka kwenda kazini, Jomar uwanjani. Adelfa alirudisha sahani nne safi kabatini na kuosha moja. Alifunga nusu ya nyanya kwenye karatasi, akafungua friji kuiweka. Trei ya mayai aliyonunua jana ilikuwa mahali pake, kifuniko kimefungwa vizuri. Hakuinyanyua.

Kutoka sebuleni Rustico, ambaye hakuwa na njaa wala hangekuwa nayo kesho, aliuliza kesho kitoweo ni nini. Bibi Consorcia alipunguza sauti ya redio ili asikie jibu.