Kurasa za Gundi

Mimi ni mkutubi wa shule, na kwa miaka kumi na tisa nimetumia gundi kuliko muhuri. Kitabu kikiwa na mambo ya kikubwa sikitupi. Nabandika kurasa mbili ziwe moja, kinarudi rafuni na adabu zake.

Nilikuwa najidanganya. Vitabu vya mtihani vinakula vumbi, vingine havijafunguliwa tangu vitoke kwenye boksi. Vya gundi vinapita mkono kwa mkono mpaka majalada yanalegea. Watoto wala hawasomi jina la kitabu. Wanapapasa palipo na karatasi nene, wanakwenda kupafukiza kwa mvuke wa birika mpaka gundi iachie.

Kimoja kilinitesa, riwaya nyembamba ya jalada la kijani. Tangu nimzike binti yangu mwaka jana, nilikuwa nakirudisha rafuni jioni, asubuhi nakikuta mezani pangu. Nilianza kuogopa kugeuza ufunguo. Niliamini ni yeye.

Alisoma shule hiihii. Alikufa kwa dawa alizokunywa kwa siri ili atoe mimba, na habari za mimba hiyo nilizipata kwa daktari. Wiki mbili kabla, alikiacha kitabu hicho mezani pangu, kurasa zimebanduliwa. Nilimfokea mbele ya wenzake, nikazibandika upya bila kutazama, gundi mara mbili.

Juzi niliwahi kufika. Ndani nilimkuta msichana wa zamu ya usafi, ufunguo wa akiba mkononi, yule aliyekuwa akikaa dawati moja na mwanangu. Alikuwa anakiweka mezani.

"Kumbe ni wewe," nikamwambia. "Mwaka mzima unanitia wazimu."

"Nisamehe, Mwalimu. Nilidhani ipo siku utakifungua."

"Nikifungue nitafute nini? Ya humo nayajua."

"Umeyasoma?"

Mimi nikiona neno mimba, natia gundi. Sijawahi kufika mstari wa pili.

"Kurasa nilizibandua mwenyewe baada ya mazishi," akasema. "Nikaogopa kukuambia. Soma, Mwalimu."

Nilisoma nimesimama. Msichana wa kitabuni anaingia jikoni, anamwambia mama yake kwamba ana mimba. Mama anaweka kisu chini. Anavuta kiti, anamwambia, "Kaa, mwanangu. Umekula?" Hayo ndiyo mambo ya kikubwa niliyowakinga nayo watoto wa watu.

Pembeni palikuwa na maandishi ya penseli. Ule mwandiko ningeutambua hata gizani, nilimshika mkono mimi mwenyewe alipokuwa anajifunza.

"Mama, msome kwanza huyu mama. Halafu niulize nina nini."

Nilivuta kiti, nikakaa. Nilipitisha kidole juu ya maneno yale. Gundi yangu ya mara ya pili ilikuwa imeyafunika yote, imekauka, bado inang'aa.