Kidimbwi cha Futi Kumi na Mbili kwa Tisa

Mama Moffat alinyoosha kidole akanionyesha mahali pabaya kuliko pote katika uwanja wake wa nyuma, nami nikacheka, nikidhani ananitania. Hakuwa akinitania.

Mimi ni Kagure, mwanamke fundi wa vidimbwi. Nilizaliwa Kutus, kando ya mifereji ya mpunga, na maji niliyajua kabla ya kujua kusoma. Huu ni mwaka wa kumi na mmoja nikichimba vidimbwi na kujenga maporomoko madogo ya maji nyuma ya nyumba za watu, kuanzia Kerugoya mpaka Nanyuki. Wateja wangu karibu wote huanza kwa kunitazama kutoka kichwani hadi miguuni, kisha wakaniuliza fundi mwenyewe atafika saa ngapi. Hilo nimelizoea. Nisichoweza kuzoea ni mtu kuniita kwa sababu najua kazi, halafu akakataa kunisikiliza.

Nyumba ya Mama Moffat iko Gatitu, nje kidogo ya mji wa Nyeri. Ni muuguzi mstaafu wa wodi ya uzazi, miaka sabini na moja, mfupi, mwenye sauti ya chini na macho yasiyotaka mchezo. Moffat, mwanawe wa pekee, anafanya kazi Nairobi, na ndiye aliyenipigia simu. Mama amesema anataka kidimbwi chenye maporomoko, akaniambia, basi apange mwenyewe anavyotaka. Nilifurahi. Wateja wanaopanga wenyewe huwa hawanisumbui kwa simu kila baada ya nusu saa.

Uwanja ule ulikuwa na mteremko mzuri sana. Huko juu, karibu na jikoni, jua linapiga tangu asubuhi hadi saa tisa, umeme wa pampu uko karibu, na hakuna mti wowote wa kuangusha majani. Ungekaa sebuleni na chai yako ukatazama maji yakishuka. Chini kabisa, kando ya ua, kulikuwa na mparachichi mkubwa unaopukutisha majani mwaka mzima, na mvua ikinyesha matope yote huelekea huko. Huko huko ndiko alikozikwa mumewe, marehemu Mwalimu Wambugu, katika kaburi lililojengewa vizuri kwa vigae vyeusi. Mama Moffat alitaka kidimbwi huko chini, upande wa kushoto wa kaburi, tena kiguse vigae.

"Mama, hapa majani itaingia kwa maji kila siku," nilimwambia. "Samaki itakufa yote."

"Sitaki samaki."

"Na mvua ikinyesha, tope yote si inakuja hapa?"

"Utapanga mawe."

"Na pampu? Stima iko huko juu."

"Waya si iko? Kagure, wewe pima."

Nikapima, huku nimenuna. Kwa kawaida mimi hulaza mpira wa maji chini, nikauzungusha mpaka upate umbo la kidimbwi, kisha nikamwomba mwenye nyumba aingie sebuleni atazame dirishani, maana kidimbwi kinachovutia ukiwa umekisimamia kinaweza kuonekana kama kisahani ukiwa umeketi kwenye kochi. Mama Moffat hakulitazama dirisha hata mara moja. Alikuja na vipimo vyake kichwani. Urefu futi kumi na mbili, upana futi tisa. Nilimshauri nane kwa sita, kwa sababu uwanja wenyewe si mkubwa, nikausogeza mpira ndani. Akausukuma kwa ncha ya kiatu mpaka ukagusa vigae tena.

Nilimpigia hesabu ya laina, ile karatasi nene ya plastiki inayotandikwa ndani ya shimo ili maji yasinywewe na udongo. Kina futi tatu. Chukua urefu, ongeza kina mara mbili, ongeza futi moja kila upande ya kukunjia chini ya mawe: futi ishirini. Upana nao ukatoka kumi na saba. Alinisikiliza kwa makini kama mwanafunzi wa mtihani, akauliza swali moja tu.

"Na mtu akitaka kuifukia baadaye?"

"Nani atafukia kidimbwi, mama?"

"Nimeuliza tu."

"Itakuwa kazi ngumu sana. Laina, mawe, simiti ya maporomoko. Hiyo si kitu ya siku moja."

"Sawa sawa," alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo nikamwona akitabasamu.

Nilipigilia vigingi, nikafunga kamba, nikafanya ninachofanya kila mara: nikapiga picha, nikamtumia Moffat kwa simu aone kazi imeanza. Hakujibu. Nilifikiri yuko mkutanoni.

Asubuhi iliyofuata nilirudi na Gatimu, mchimbaji wangu wa miaka mingi, mtu wa makamo asiyeongea hovyo. Alivua koti, akashika jembe, akaitazama kamba, akalitazama kaburi. Kisha akaliweka jembe chini taratibu.

"Kagure, umepima nini hapa?"

"Kidimbwi. Ulidhani nini?"

"Hii ni nafasi ya mama." Alinong'ona kana kwamba kuna mtu amelala. "Ulionea wapi kaburi inawekwa kando hivyo, na hii upande ingine inaachwa wazi? Wamemwachia yeye. Mimi siwezi chimba kaburi ya mtu ako hai niweke maji."

Nani huku kwetu asiyejua jambo hilo? Mume akitangulia, huzikwa upande mmoja, na mkewe huachiwa nafasi kando yake. Hapapandwi sukuma wiki, hapajengwi banda la kuku, wala hapazungumzwi. Kila boma lina mahali pa namna hiyo, na watoto wanakua wakipazunguka bila kuambiwa. Nami, Kagure, mjuzi wa majani na matope na jua la saa tisa, niliona mahali patupu nikapahesabu kuwa uwanja. Nilikanyaga katikati yake na tepu mkononi. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Nikaenda jikoni nimwombe radhi. Niliamini mama wa watu amezeeka, amesahau, na sasa lazima nimkumbushe kwa upole.

"Mama, pole sana. Tumekosea mahali. Hapo kumbe ni..."

"Hamjakosea."

"Lakini mama, hapo ndio..."

"Najua hapo ni wapi." Alikuwa akimimina chai. "Kwa nini unafikiri nilisema futi kumi na mbili? Nikisema nane, watapata pa kunifinyia."

Nilisimama nikiwa nimeshika fremu ya mlango. Sikuwa nimewahi kusikia mtu akisema neno kama hilo, tena asubuhi, akiwa na birika mkononi. Nilitaka kumuuliza kwa nini, lakini gari lilikuwa limeshaingia getini.

Alikuwa Moffat. Alivaa suti, macho mekundu. Bila shaka alikuwa ameondoka Nairobi alfajiri kwa ajili ya ile picha yangu. Hakunisalimu, hakumsalimu Gatimu. Alishuka moja kwa moja mpaka kwenye kamba, akapima kwa hatua zake kutoka vigae hadi kigingi cha mwisho, akarudi akapima tena. Mama yake alimfuata, nami nikamfuata mama. Alisimama karibu na mwanawe kiasi cha kuweza kumrekebishia tai.

Moffat akanigeukia mimi. Uso wake ulikuwa umekakamaa.

"Fundi, ambia mama hapo hapachimbwi."

Na mimi, mjinga niliyekamilika, nikafungua mdomo. "Mama, anasema..."

Mama Moffat aliinua kiganja. "Nimemsikia. Niko hapa." Kisha akamtazama mwanawe. "Moffat. Umeongea na nani?"

"Mama, hii mambo ni aibu. Watu wa kanisa wakikuja waone..."

"Nimekuuliza, umeongea na nani? Mimi nimesimama wapi?"

Niliona jinsi Moffat alivyoanza kuelewa kabla sisi wengine hatujaelewa chochote. Mkono wake ulikwenda kwenye tai, ukakaa hapo.

"Ulikuwa darasa la nne," mama yake akasema. Hakupandisha sauti. "Siku moja asubuhi baba yako alikaa kwa meza akakuambia, 'Ambia mama yako chai imepoa.' Mimi nilikuwa nimeshika birika, hapo tu mbele yake. Nikafikiri ni mchezo, nikacheka. Tangu hiyo siku hakuongea na mimi tena."

"Mama, baba alikuwa tu mtu wa kunyamaza."

"Baba yako? Alikuwa anasoma matangazo kanisani kila Jumapili, na kwa shule alikuwa anaongea mpaka wazazi wanasinzia. Hakuwa mtu wa kunyamaza. Alikuwa ananinyamazia mimi."

Gatimu alivua kofia. Mimi sikujua pa kuyaweka macho yangu.

"Ulipoenda shule ya bodingi," akaendelea, "akaanza kuambia ng'ombe. Ati, 'Wewe ng'ombe, leo kuna wageni saa nane, wapikiwe.' Mimi nakama, nasikia, naenda napika." Alicheka kidogo, kicheko kilichonifanya nitake kuketi. "Sikulala njaa, sikupigwa. Ningeenda kushtaki nini? Wanawake wenzangu walikuwa wananiambia niko na bahati, mzee yangu hana kelele."

"Alikuwa amekasirikia nini?" Moffat aliuliza, na sauti yake haikuwa ya mtu mwenye suti.

"Sijui. Mwaka wa kwanza nilimuuliza kila siku. Nilipiga magoti kwa hiyo jikoni. Mwaka wa pili nikachoka. Miaka thelathini na tatu, Moffat. Siku alikuwa anakufa nilikuwa nimemshika mkono. Akafungua macho, akaangalia nesi, akasema, 'Ambia huyo mama aende nyumbani, giza inaingia.'"

Nimeona ndoa mbaya. Ya kwangu mwenyewe niliikimbia na begi moja. Lakini hii sikuwa na mahali pa kuiweka. Nililitazama lile kaburi safi la vigae, na yale maandishi ya dhahabu, mume mpendwa, baba mwema, nikapata hasira ya kutaka kulipiga teke.

"Sasa mnataka nilale hapo kando yake," alisema Mama Moffat. "Si mwaka moja, si miaka thelathini. Na huko chini hakuna mtoto, hakuna ng'ombe, hakuna nesi. Ataambia nani aniambie?"

Moffat aliketi juu ya mawe ya mtoni tuliyoleta asubuhi, na suti yake yote ile. Alitazama mikono yake.

"Ni mimi nilikuwa nabeba hayo maneno," akasema. "Kila siku. Nilikuwa nasimama katikati yenu. Nilifikiri ni heshima. Nilifikiri kila nyumba ni hivyo."

"Ulikuwa mtoto. Sikulaumu."

"Leo mimi si mtoto."

"Hapana," mama yake alikubali. "Leo wewe si mtoto."

Hakulia. Ingekuwa afadhali angelia. Alikaa tu, mdomo wazi kidogo, kama mtu aliyeamshwa kwa maji. Nilidhani atainuka aingie garini, na kazi yangu iishie hapo na vigingi vyangu. Badala yake alisimama, akamwendea mama yake, akainama mpaka nyuso zao zikalingana.

"Mama," akasema. "Unataka tukuzike wapi?"

Nilishtuka kuliko nilivyoshtuka siku nzima. Swali kama hilo kwetu haliulizwi. Mtu akifa watu hukaa kikao, wakaamua. Anayehusika ndiye pekee asiyeulizwa.

Mama Moffat akalitazama shamba lote, kutoka ua hadi ua, jikoni, banda la ng'ombe, mstari wa ndizi, akazunguka polepole mpaka akamrudia mwanawe. Yule mama mwenye vipimo vyote kichwani, aliyejua futi kumi na mbili kwa tisa bila tepu, alikuwa amekwama.

"Sijui," alisema, na machozi yakaanza kumtiririka. "Nilikuwa najua tu hapa hapana. Hakuna mtu amewahi kuniuliza."

Moffat alimshika mkono. Gatimu akavaa kofia yake, akaokota jembe, akaanza kuchimba ndani ya kamba.