Ondoa na Maktaba Yake

Kompyuta ya karakana ya kudarizi ilikuwa inakata roho, na muuaji wake alikuwa ametoka asubuhi bila kuaga.

Muuaji mwenyewe ni mdogo wake fundi wa hapo. Mtaani walimpa jina la Majaribio, kwa sababu hakuna programu ya majaribio iliyopita mbele yake ikasalimika. Ya kukata picha, ataiweka. Ya kugeuza sauti ya mtu iwe ya bata, hiyo nayo aliiweka, na wateja waliisikia. Ikiisha muda wake haiondoi kama watu wanavyoondoa programu. Anaikokota alama yake mpaka kwenye pipa la taka, anapangusa mikono, anasema, "Hiyo nimeshaifuta." Hajafuta kitu! Ameng'oa mlango tu, wapangaji wote wamo ndani, wanakula na kulala.

Dada yake walimwita Droo, na jina hilo alilitolea jasho. Kabati lake la nyuzi lilikuwa na droo kutoka sakafuni hadi usawa wa kidevu, kila moja imebandikwa karatasi: nyekundu, nyekundu iliyokolea, sindano nzima, sindano za kutupa. Ndani ya kompyuta hivyo hivyo. Kila mteja na folda yake, kila folda na mwaka wake, kila faili na jina linalojieleza. Faili za Majaribio ziliitwa "mpya", "mpya kabisa", "hii ndiyo" na "hii ndiyo 2". Droo akiyaona majina hayo mwili mzima ulikuwa unamwasha.

Asubuhi ile aliwasha kompyuta, akachemsha chai, akainywa, ndipo programu ya kudarizi ikafunguka. Ilipofunguka ikaganda. Mashine imenyamaza, na aproni za hospitali zimejaa mezani zikingoja nembo. Hilo angelivumilia. Lakini nyuma yake, kwenye kiti cha dirishani, mama yao alikuwa akijaza uzi kwenye bobini kwa kupapasa, na akauliza swali lake la kila siku.

"Ua langu nitalishika lini?"

Mama huyu ndiye aliyeianzisha karakana, enzi za sindano na mkono. Maua aliyatunga mwenyewe na kuyachora kwa penseli kwenye karatasi za kahawia. Vitambaa vyote viliuzwa, maana ndiyo ilikuwa kazi yenyewe, hakubakiza hata leso. Karatasi ziliingiliwa na mchwa sandukuni, na macho yake yakaingiliwa na ukungu uliozishinda dawa zote. Sasa alikuwa anaomba kitu kimoja tu: maua yale yaingizwe kwenye mashine, na ua la kengele, alilolipenda kuliko yote, lidariziwe kwenye kitambaa alipapase. Vidole vyake vilikuwa bado vinaona. Majaribio akajitolea. Alizipitisha karatasi kwenye skana moja baada ya nyingine, nazo zikamvunjikia mikononi kama biskuti. Akarudi akasema, "Kazi imekwisha, mama. Yote yamo kwenye kompyuta."

Droo alikuwa ameshamtengenezea folda, ameiita "Mama". Tangu siku ile kila akiifungua anaikuta tupu.

"Muulize mwanao," akamjibu mama yake bila kugeuka. "Huyo kitinda mimba wako uliyemlea kama yai. Folda ipo, nimeitengeneza kwa mkono wangu, haina hata jani."

"Labda ameyaweka kwingine."

"Kwingine wapi, mama? Kitu kisipokuwepo mahali pake, hakipo. Ameziharibu karatasi zako, akaona haya kusema, sasa anakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Na wewe unatulia upakwe."

Bobini ikaendelea kuzunguka. Droo alitamani ajibiwe, apate mtu wa kugombana naye. Akampigia simu mdogo wake. Simu ikalia chini ya rundo la aproni. Alikuwa ameisahau, kama alivyosahau kila kitu chenye maana duniani.

Basi akapandisha mikono ya blauzi. Leo ni leo.

Hakukurupuka, hilo lisemwe. Kwanza alinakili folda zake zote kwenye flashi, michoro ya wateja wote, akaichomoa flashi akaitia kwenye droo yake. Kisha akafungua orodha ya programu zilizomo na kuanza kuzitoa mojamoja, kwa njia halali: chagua, ondoa, thibitisha, subiri. Zile ambazo Majaribio alikuwa amezing'oa alama tu, alizisaka masalia yake folda kwa folda, akayafuta. Alifuta "mpya". Alifuta "mpya kabisa". Hakuzifungua hata kutazama, maana mtu hachambui uchafu, anauzoa. Programu ya bata ilitoa mlio mmoja wa kuaga, na mama akacheka kidogo kule dirishani. Droo hakucheka.

Mwisho ikabaki moja. Jina lake lilikuwa herufi na tarakimu tu, halisemi chochote. Ndiyo hiyo iliyokuwa ikimrukia usoni kila asubuhi na kijisanduku chake: muda wako wa majaribio unakaribia kwisha. Kati ya zote, hiyo ndiyo aliyoichukia kwa moyo wake wote. Akabofya "ondoa". Ikamuuliza: Je, niondoe pia maktaba ya mtumiaji? Kitendo hiki hakirudishwi nyuma.

Mtu asiyejua angesema hapana akaacha mizizi ardhini. Droo alikuwa anajua.

"Ndiyo," akasema kwa sauti, akabofya. "Ondoka na ukoo wako wote."

Ilichukua muda kuliko zile nyingine. Akajiambia, tazama jinsi ilivyokuwa imeshiba. Akamwaga pipa la taka. Akaizima kompyuta na kuiwasha, kisha akaiondoa programu ya kudarizi yenyewe na kuisakinisha upya kutoka kwenye diski yake ya asili, pamoja na mafurushi yake yote ya herufi na mishono. Ilipofunguka ilifunguka papo hapo. Mashine ikaanza kugonga nembo kwenye aproni ya kwanza, tak-tak-tak, na Droo akakaa akiupanga mdomoni mwake usemi wa kumpokelea mdogo wake. Ulikuwa usemi mrefu, na kila alipourudia aliuongezea pilipili.

Majaribio aliingia jua likiwa utosini, shati limelowa jasho, mfuko wa karatasi mkononi, anatabasamu kama mjinga.

"Afadhali umekuja," Droo akaanza. "Kaa hapo. Leo utanisikia."

"Dada, nitakusikia, ngoja kwanza. Mama, nipe mkono." Akamwekea kiganjani kibunda cha uzi. "Zambarau. Ile yenyewe, si ile ya kupauka. Nimezunguka mji mzima. Leo unalishika."

Mama akakifumba kile kibunda kwa viganja vyote viwili. Majaribio akavuta kiti, akakaa mbele ya kompyuta. Akatazama. Akasogeza kipanya huku, akakisogeza kule. Akafungua orodha ya programu, akaifunga, akaifungua tena.

"Dada. Programu yangu iko wapi?"

"Ipi? Ya bata?"

"Ya michoro. Inayogeuza mchoro kuwa mishono."

Droo alikuwa na usemi wake tayari. Hata neno la kwanza lilikuwa limeshafika ulimini. Halikutoka.

"Nimesafisha," akasema.

"Umesafishaje? Uliitoa alama tu, au uliiondoa?"

"Mimi sitoi alama. Mimi siyo wewe."

"Iliuliza kitu ilipokuwa inatoka?" Sauti ya Majaribio ilikuwa imeshuka. "Kuhusu maktaba. Ilikuuliza, dada?"

"Iliuliza."

"Ukasemaje?"

Mashine ilimaliza nembo, ikakata uzi, ikasimama.

"Folda ilikuwa tupu!" akapaza sauti. "Nilikutengenezea folda! Kila siku naifungua, tupu! Ningejuaje?"

"Ile programu haiweki kazi kwenye folda yako. Inaziweka kwenye maktaba yake mpaka uzitoe. Nilikuwa namalizia kuzisawazisha jani kwa jani, kila ua. Leo nilikuwa nayatoa yote."

"Na picha za skana?"

"Nilizinakili pia. Pale mbele, kwenye skrini. Zinaitwa 'mpya kabisa'."

Hapo ndipo Droo alipolipuka. Alimjia juu mdogo wake kwa maneno ambayo hata fundi saa wa jirani aliyasikia, akazima redio yake asikie vizuri. Mpumbavu, alimwita. Mtu mzima anaita maua ya mama yake "mpya kabisa"! Ana programu za kila takataka na hana flashi moja ya kuhifadhi kitu cha maana! Kwa nini hakusema? Ana mdomo wa nini? Alisema yote hayo akijua, neno kwa neno, kwamba mkono uliobofya ulikuwa wake, na kadiri alivyojua ndivyo alivyozidi kupiga kelele, kwa sababu akinyamaza tu itabidi asikie.

Majaribio alikuwa amezima kompyuta na kuchomoa waya ukutani.

"Pengine yupo mtu wa kuyarudisha," akasema. "Baada ya kufuta, uliweka kitu kipya?"

"Programu ya kudarizi. Upya."

"Yote?"

"Pamoja na mafurushi yake."

Majaribio akaweka mikono kichwani. "Basi hivyo vipya vimeandikwa juu ya maua."

"Nyamazeni," mama akasema, ingawa walikuwa wameshanyamaza. Kibunda cha uzi kilikuwa bado mikononi mwake. "Nilikusikia ukisema ndiyo, mwanangu. Nilidhani unaongea na mashine kama kawaida yako. Mimi nilikuwa nyuma yako hapa, hatua mbili. Ungeniuliza."

"Mama, nilidhani ni uchafu."

"Ulidhani. Ni macho yangu yale. Yalikuwa yamebaki humo tu."

Droo alitaka kulia na hasira haikumwacha. Aliipiga meza kwa kiganja. Aproni zikaporomoka.

"Acha kupiga meza ya watu," mama akasema. "Niletee karatasi. Na penseli."

Majaribio akamletea ubao wa kukatia vitambaa, akauweka mapajani pake. Droo akatandika karatasi juu yake, akamshika mama yake mkono na kuufikisha katikati. Mama akaukung'uta mkono wa bintiye, akaanza mwenyewe. Shina lilipanda vizuri. Mkono ule ulikuwa bado unakijua kikonyo, na kengele ya kwanza ikainama inavyotakiwa. Ya pili ikaikalia ya kwanza kichwani. Jani likaanza mbali na shina, likielea peke yake, na jingine likatambaa mpaka ukingoni mwa karatasi na kuendelea. Mama alichora mpaka mwisho bila kusita, kisha akaweka penseli.

"Limekaa sawa?"

Droo hakuwahi maishani kuiachia nembo iliyopinda uzi mmoja. Wateja aliwafumulia upya kazi ambazo wao wenyewe waliziona nzuri. Akalitazama lile ua. Akamtazama mdogo wake, naye alikuwa anatazama sakafu.

"Limekaa sawa, mama," akasema.

"Usinidanganye!" Mama alikunja karatasi kwa ngumi moja. "Nimesikia penseli ikikwaruza ubao. Macho yangu umeshayafuta, na masikio yangu nayo unataka kuyafuta?"

Akaitupa karatasi sakafuni.

"Leta nyingine," akasema. "Kubwa."

Droo akaenda kabatini, kwenye droo iliyoandikwa "karatasi safi". Aliivuta kwa nguvu mno, droo nzima ikachomoka, na karatasi zikatawanyika karakana nzima, chini ya mashine, chini ya aproni, mpaka mlangoni. Akaokota moja, akampelekea mama yake. Zile nyingine akaziacha zilale pale pale zilipoangukia.