Waya Mmoja wa Simu

Daktari, si wa kutibu bali wa utafiti, alituita ofisini kwake kutuambia kwamba kompyuta ya viziwi inaondolewa. Mimi niliitwa kutafsiri, kama kawaida. Mdogo wangu hasikii tangu utotoni, na mikono yangu ndiyo iliyokuwa masikio yake mpaka mtandao ulipofika ofisini humo, miaka ile ambayo wengi hata jina lake hawakulijua.

Daktari alitufuata mwenyewe kwenye chama cha viziwi, meno yote nje, akitafuta watu wa kujaribia barua pepe. Eti mradi wa manufaa kwa jamii. Mdogo wangu akajifunza kuchapa, na kwenye mradi huohuo akampata fundi viatu wa mji mwingine, kiziwi mwenzake. Wakaandikiana mpaka wakachumbiana. Kwa mara ya kwanza alikuwa na maneno yasiyopitia kwangu, na nilifurahi mno kuwekwa kando.

Sasa Daktari akachukua karatasi mezani, akaanza kusoma. Zilikuwa barua za mdogo wangu. Alikuwa amezitoa zote kwenye kompyuta na kuzichapisha bila kumwomba mtu ruhusa. Umekula nini leo? Huku mvua imenyesha. Jana nimekuota. Akacheka puani. Wafadhili, alisema, walitaka kuona watu wakiulizana habari za afya na kilimo, siyo porojo.

Nilitafsiri kila kitu, hata kile kicheko, nikamwona mdogo wangu akinywea kitini.

Hapo simu ya mezani ikalia. Simu na kompyuta vilitumia waya mmoja, na Daktari alipotaka kuongea aliuchomoa tu kwenye kompyuta, hata mtu awe katikati ya barua. Akapokea. Alikuwa mkewe. Akamuuliza amepika nini. Akamwambia huku mvua imenyesha. Akarudi kwenye habari ya chakula, akacheka, akauliza kama mchuzi ni ule wa jana. Mtu mzima, na haya hana hata chembe. Sikuwa na haja ya kutafsiri, maana maneno mepesi kama hayo mdogo wangu huyasoma midomoni.

Simu ilipowekwa chini, mdogo wangu alinigeukia akasema kwa mikono, nami nikayatoa maneno yake kwa sauti vilevile.

"Daktari, hiyo ilikuwa ya afya au ya kilimo?"

Akababaika. Akasema hayo ni mambo ya nyumbani kwake. Mdogo wangu hakungoja nimalize kutafsiri. Alisimama, akazunguka meza, akachomoa waya kwenye simu, akauchomeka kwenye kompyuta. Kisha akavuta kiti na kuanza kumwandikia mchumba wake.

"Mwambie aache," Daktari aliniamuru. "Mwambie sasa hivi."

Tangu tukiwa watoto sijawahi kumnyima mdogo wangu neno hata moja lililosemwa mbele yake. Nilimtazama Daktari usoni, nikatia mikono mfukoni.