Mlango wa Chumba cha Baridi

Mwinyijuma wa Nguvumali aliapa kaburini kwa mwanawe kwamba moto hautaingia tena katika nyumba yake, na kiapo chake alikishika. Nyumba mpya aliyoijenga baada ya msiba ilikuwa ya mawe na saruji, na kila kitu ndani yake kilikwenda kwa umeme: jiko la kupikia, pasi, maji ya kuoga, hata taa za uani. Hapakuwa na kiberiti wala kandili. Mama yake, Bi Mastura, akitaka kufukiza udi alibeba chetezo chake hadi kwa jirani. Watu walikuja kutoka Ngamiani, wengine kutoka Pangani, kulitazama jiko lisilo na moto. Walistaajabu, wakanywa chai, wakaenda zao, na njiani walimsema mkewe, maana yeye hasa ndiye waliyetaka kumwona.

Mkewe aliitwa Mwanamkasi. Moto ulimkuta katika nyumba ya zamani, alasiri moja mumewe akiwa safarini Mwera na malori yake ya katani. Jiko la mafuta ya taa lililipuka. Upepo ukaubamiza mlango wa jikoni, komeo la nje likaanguka mahali pake, yeye na binti yake Saleha wakabaki ndani. Majirani walipouvunja mlango walimtoa mama akiwa hai. Saleha walimtoa baadaye.

Alilala hospitali muda mrefu hata wauguzi wakawa kama ndugu zake. Alirudi na kovu lililoanzia chini ya sikio, likashuka shingoni, likatanda kifuani, mgongoni na mkono wote wa kushoto. Daktari alimwambia Mwinyijuma kwamba kovu si neno, neno ni joto. Ngozi iliyoungua namna ile haitoi jasho, na mwili usiotoa jasho hauna njia ya kujipoza. Mwanamkasi aliyaelewa maneno hayo kaskazi ilipoingia. Jua likipanda kidogo tu, alijiona kama aliyefunikwa ndani ya sufuria. Kichwa kilimgonga, akatapika, akaanguka. Alijifunga kanga zilizoloa maji, zikamkaukia mwilini. Pangaboi la darini lilizungusha joto lile lile.

Ndipo Mwinyijuma aliposikia habari za mashine za hewa baridi. Meneja mmoja wa shamba la katani alikuwa nayo, na watu walisema chumbani mwake mtu hutetemeka mchana kweupe. Akampelekea habari wakala wa mashine hizo kule Mombasa, Mgoa mmoja mpole aitwaye Furtado. Furtado akaja na futi yake ya kupimia. Alipita chumba kwa chumba, akauliza jua linapiga upande gani, dari ina urefu gani, nyumba inalala watu wangapi. Kisha akaketi sebuleni na Mwinyijuma.

"Zipo njia mbili," alisema. "Ya kwanza ni mashine moja kubwa. Inakaa uani, kwenye kibanda chake, inasukuma baridi ndani ya mifereji ya bati inayopita juu ya dari. Kila chumba kinapata tundu lake. Nyumba nzima inapoa. Lakini madirisha yafungwe, na waya unaotoka kwenye nguzo hautatosha. Tayari umebeba jiko na maji ya moto. Itabidi kampuni ya umeme wavute mwingine mnene zaidi, nao hawana haraka. Njia ya pili ni sanduku. Unatoboa ukuta, unalitia, unaliwasha siku hiyo hiyo. Ila linapoza chumba kimoja tu."

"Lililo bora ni lipi?"

"Hutegemea. Bibi mchana hukaa wapi?"

"Chumbani," Mwinyijuma alijibu.

Mwanamkasi alikuwa amesimama nyuma ya pazia la ukumbini, kanga mbichi imemgandama mgongoni. Tangu atoke hospitali watu walimuuliza amelala vipi, amekula nini, panapomuuma ni wapi. Anapokaa, hakuna aliyewahi kuuliza mpaka leo.

"Nakaa kila mahali," alisema kutoka nyuma ya pazia. "Jikoni, ukumbini, na huko uani. Hii ni nyumba yangu."

Furtado aligeuza uso kulielekea pazia, akainamisha kichwa kwa adabu. "Basi, Bibi, ni ile kubwa."

Mwinyijuma akasema atafikiri.

Jioni mkewe alimfuata barazani. Zamani mumewe alimwita Mama Saleha. Sasa alimwita Bi Mwanamkasi, kama mgeni anavyomwita mwenyeji asiyemzoea.

"Umeshafikiri, Bwana?"

"Mama hataki baridi, mifupa yake inamuuma. Na madirisha ya kufungwa nyumba nzima, Bi Mwanamkasi, wageni watasemaje? Watasema tumejizika."

"Na mimi nikifungiwa chumbani watasemaje?"

Mwinyijuma alikuwa akitazama barabarani. Mwanamkasi aliona kwamba tangu aanze kusema, mumewe hakuwa amemtazama hata mara moja.

Jibu alilipata kwa nyundo. Asubuhi moja fundi Noa, Mbondei aliyejenga milango na madirisha yote ya nyumba ile, alikuja na tindo, akaenda moja kwa moja chumbani kwake, akapima ukuta wa nje. Vyumba vingine hakuvigusa. Mwanamkasi akaenda kwa mama mkwe wake, aliyekuwa akichambua mchele uani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Keti kivulini."

"Mama, kuna nini katika nyumba hii ambacho mimi sijaambiwa?"

Bi Mastura aliuweka ungo chini. Hakuwa mwanamke wa kuzungukazunguka. "Mwanangu analeta mke. Binti wa Shehe mmoja wa Pangani, Mwanasiti. Nilimwambia akwambie mwenyewe, ameshindwa. Anasema kila akikutazama anamwona mtoto." Akakung'uta mikono. "Mimi nami humwona. Lakini ndiyo kwanza nataka kutazama."

Mwanamkasi alilia machozi machache. Hakuwa na nguvu ya mengi. Joto lilikuwa limekwisha panda.

Sanduku likaja. Na ukweli usemwe, lilikuwa jambo la kushangaza. Lilinguruma kama gari lililo mbali, likatema baridi kavu yenye harufu ya chuma, na kabla ya adhuhuri ngozi yake ikanyamaza. Hakuwa na neno jingine la kuieleza hali ile. Alilala usingizi ambao hakuwa ameulala tangu siku ya moto, akaamka akamwombea dua Furtado, akamwombea na mumewe. Siku za kwanza alihisi amerudishiwa mwili wake.

Ila mlango. Baridi ile haikutaka mlango wazi. Ukifunguka kidogo, joto liliingia kama maji ndani ya mtumbwi uliopasuka, na sanduku likaanza kulia kwa kuzidiwa. Basi kila aliyeingia aliingia mbio, na kila aliyetoka aliuvuta nyuma yake. "Funga mlango, baridi inatoka!" Neno hilo likawa ndiyo salamu ya nyumba. Chakula kililetwa kikaachwa juu ya meza. Wanawake waliokuja kumjulia hali walikaa mpaka jasho lao likakauka, wakajikunyata, wakaaga. Alisikia maisha ya nyumba yake kupitia ubao wa mlango: sufuria, kicheko, adhana, Bi Mastura akigombana na muuza samaki. Na kila komeo lilipogonga mahali pake, moyo ulimruka, akajikuta yuko kule tena, mkono wa mtoto umemshika kanga.

Alimwambia mumewe. "Komeo hilo liondoe. Usinifungie mlango, mimi si mtu wa kufungiwa mlango, unajua."

"Bila komeo mlango haukai. Bila mlango hakuna baridi. Nifanyeje?"

"Ungechagua ile kubwa."

"Basi tena," alisema, akatoka, akauvuta nyuma yake.

Mwanasiti aliletwa mwezi wa mfunguo pili, wa pili baada ya Ramadhani. Nyumba ilijaa wanawake. Mwanamkasi alikuwa kitandani akisikia vigelegele juu ya mngurumo wa sanduku. Alisikia mtu akiuliza, "Na mke mkubwa je?" na mwingine akijibu, "Yumo kwenye baridi yake." Aliamka. Akavaa kanga mpya, doti aliyopewa kwa ajili ya siku hiyo, akaacha shingo na mkono wazi kama walivyokuwa, akafungua mlango, akatoka.

Ukumbi ulikuwa kama tanuri la chokaa. Wanawake walimgeukia. Alipita katikati yao akaketi mkekani karibu na bibi harusi, akamsalimu, akamwambia karibu. Mwanasiti alikuwa msichana mwembamba mwenye macho makubwa. Aliliangalia lile kovu bila kuficha, kama mtoto anavyoangalia, kisha akasogea kumpa nafasi, akauchukua upepeo wake mwenyewe wa ukili akaanza kumpepea.

"Shikamoo, dada," alisema kwa sauti ndogo. "Niliambiwa huwezi kuamka."

"Marahaba. Naweza. Waliokuambia ndio hawawezi."

Alikaa. Alikula tonge mbili za pilau. Aliwasikiliza wanawake waliokuja na bibi harusi wakisimulia mambo ya Mkwaja, kijijini kwao upande wa Pangani, akacheka kwa kisa cha mbuzi aliyeingia msikitini. Joto lilimpanda miguuni hadi tumboni hadi kooni, naye alilijua, akaendelea kucheka. Alipoanguka alimwangukia Mwanasiti mapajani.

Alipozinduka yuko chumbani, baridi inanguruma, mlango umefungwa. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Niitieni Noa."

Noa alikuja. Alisikiliza, akamtazama Bi Mastura, na Bi Mastura akaitikia kwa kichwa. Akaung'oa mlango bawaba kwa bawaba, akauegemeza ukutani uani. Mwinyijuma aliporudi kutoka bandarini alikuta mkewe amekaa kwenye kizingiti kitupu.

"Umefanya nini?"

"Nimetoka."

"Utakufa, Mwanamkasi! Wallahi utakufa!"

"Huenda. Lakini si kwa kufungiwa."

Mwinyijuma alikuwa amemwita kwa jina tupu, bila Bi, na kwa mara ya kwanza tangu msiba alikuwa akimtazama usoni. Alisimama hapo, kofia mkononi, kisha akachuchumaa mbele yake akalia kwa sauti kama mtoto. Mwanamkasi alimwekea mkono begani, ule mkono mbaya.

Sanduku lilijaribu kupoza nyumba nzima. Lilinguruma usiku na mchana, likatoa maji, likaganda barafu, na mwisho likatoa harufu ya mpira ulioungua, likanyamaza. Bi Mastura aliisikia harufu ile akakimbilia swichi akipiga kelele, na nyumba nzima ikakimbia hadi barabarani. Haukuwa moto. Lakini walikaa nje mpaka isha.

Basi Mwinyijuma akamwita Furtado tena. Safari hii hakukaa naye peke yake sebuleni. Walitandika mkeka ukumbini, wakaukunjua mchoro wa nyumba sakafuni, na Mwanamkasi akiwa na kanga mbichi mabegani aliwekwa katikati.

"Matundu tuweke wapi?" mumewe alimuuliza.

Alifikiri sana. Alionyesha jikoni, si juu ya jiko bali karibu na mlango, mpishi apate hewa. Alionyesha ukumbini mawili, kwa kuwa ndipo watu wanapokaa. Kwa Bi Mastura alitaka dogo lenye kifuniko, alifunge mifupa ikimuuma. Kisha akaweka kidole kwenye chumba cha Mwanasiti. "Na hapa. Huyu ana mimba, hajawaambia tu." Mwanasiti akaficha uso. Furtado akatia alama. Siku hiyo ilikuwa njema, na wote waliijua kuwa njema.

Mashine iliagizwa Ulaya. Noa alianza kukata dari ili mabati yakifika yakute njia. Kampuni ya umeme walipima nguzo, wakasema subirini. Kaskazi ya mwaka ule haikusubiri. Ilikuja kavu, bila wingu, na bahari ikalala kama bati. Bi Mastura na Mwanasiti walimmwagia Mwanamkasi maji kwa zamu, wakambadilisha kanga, wakampepea hadi mikono ikawafa ganzi. Mwinyijuma aliacha malori kwa nduguye, akawa anachota maji mwenyewe. Walitaka kumrudisha hospitali; alikataa.

"Wataniweka chumba cha peke yangu," alisema. "Niacheni hapa hapa."

Alikufa ukumbini kabla ya masika, kichwa kikiwa mapajani mwa Bi Mastura, milango yote ya nyumba wazi. Alizikwa kando ya Saleha.

Furtado alileta salamu za rambirambi, na katika salamu hizo akauliza, kwa aibu, kama mzigo ulio melini usimamishwe. Mwinyijuma akajibu usimamishwe. Hakuna katika nyumba aliyetaka baridi tena.

Lakini matundu yalikuwa yamekwisha katwa. Yalibaki darini, meusi, moja kila chumba na mawili ukumbini, na popo wakaanza kuingia. Bi Mastura hakuweza kuketi chini yake. Arobaini ilipopita Noa akaitwa na mbao zake na misumari kuyaziba, akaanza jikoni akamalizia ukumbini. Mwinyijuma hakwenda bandarini siku hiyo. Alimshikia ngazi.