Kungwi Aliyemsahau Mwali

Mwali nilimsahau, sikatai. Nilimfungia chumbani asubuhi ili nikalete liwa ya kumpaka, njiani nikakuta samaki, migebuka wa Kigoma, wameshuka na treni. Nikanunua, nikaenda kwangu, nikakaanga, nikala, nikalala. Ufunguo ulikuwa kwenye pindo la kanga yangu. Mwali wangu, Nyamizi wa watu, alikaa ndani na njaa mpaka alasiri, zikiwa zimebaki siku mbili aolewe.

Jumapili makungwi wenzangu wakaniita uani kwa Bi Zabibu, mkubwa wetu, aliyenifunda mimi mwenyewe. Nilijua ninachoitiwa: nimkabidhi ngoma Tunu, binti wa miaka thelathini. Miaka ishirini na miwili nimefunda wasichana wa Tabora, leo nivuliwe ukungwi kwa sababu ya samaki!

"Shikamoo, Bi Zabibu."

"Marahaba, Mwamvita. Mwanangu, umechoka. Akili yako haitulii siku hizi. Pumzika."

"Sijachoka. Damu yangu inakoma."

Mmoja akakohoa. Mwingine akageuka kutazama kuku. Wanawake wanaowafunda wari mambo ya chumbani, eti waliona haya!

Nikawaeleza bila kupunguza sauti. Joto linanipanda katikati ya wimbo na maneno yananipotea. Nilikwenda hospitali. Daktari akaniuliza habari za utoto wangu, nikamwambia ukweli: darasani sikutulia hata siku moja, na nikitumwa chumvi narudi na sukari. Akasema tupo tunaozaliwa na akili ya kurukaruka, tukajifunza kuificha. Umri huu ukifika na homoni zikashuka, hatuwezi kuificha tena. Si uvivu, si uchawi, na msaada upo.

"Sasa niambieni," nikasema, hasira imenifika kooni. "Msichana akivunja ungo tunamweka ndani, tunamfunda, tunamwimbia. Damu ikikoma, nani anatufunda? Wewe ulishapita huko, Bi Zabibu. Mbona hukuniambia kitu?"

Nilijua nimevuka mpaka. Aliyekufunda humuulizi hivyo mbele za watu. Tunu alishanyoosha mkono aichukue ngoma.

Bi Zabibu akainamisha kichwa. "Mimi nilimsahau mjukuu wangu stesheni," akasema. "Nikadhani nimerogwa. Sikumwambia mtu."

Akaanza kulia. Sikumbembeleza, nilikuwa bado na hasira naye.

"Basi ngoma inabaki kwangu," nikasema. "Tunu atakuwa anashika funguo. Na Alhamisi nawafunda waliofika hamsini."

"Mambo hayo hayana nyimbo, mama," Tunu akasema.

"Nitatunga."

Bi Zabibu akafuta macho kwa kanga. Akashuka kwenye kiti chake, akaketi mkekani mbele yangu, akanyoosha miguu kama wanavyoketi wari.

"Alhamisi ni mbali," akasema. "Anza na mimi."