Zamu Iliyomruka Tatu

Kibao cha zamu ya kufagia kilimruka Tatu tena. Jumamosi ile kilitoka kwa Peninah, nesi wa Kikenya, kikapita mlango wake kana kwamba ndani hakuna mtu, kikatundikwa kwa Khalfan, dereva wa teksi. Mara ya tatu hiyo!

Aliyeleta mambo ya kibao ni Mzee Eberhard, mhandisi wa Kijerumani wa miaka sabini na moja, aliyezikataa nyumba za wazungu wenzake akaja kupanga na kina Tatu ghorofa ya pili, mtaa wa Al Mansoura, Doha. Mwaka huo wa 2012 akawaletea desturi ya kwao: kila mlango una wiki yake ya kufagia korido na ngazi, wiki ikiisha, unatundika kibao kwa jirani. Walimcheka mpaka basi. Lakini ngazi ziling'aa, nao wakazoea.

"Aki wewe una bahati," Peninah alimwambia. "Wiki yako haifiki! Sababu anaijua mzee."

Bahati gani? Miaka sita Doha, Tatu alikuwa analala kitanda cha juu, wanawake wanane chumba kimoja kule Muaither, pembezoni mwa jiji. Hiki ndicho chumba chake cha kwanza chenye ufunguo wa peke yake, na bado anarukwa! Roho ilimchoma. Akajifunga kanga kiunoni, huyoo, mpaka kwa mzee.

"Mzee, mie nimekukosea nini?" aliuliza kwa Kiingereza chao cha kuungaunga.

Mzee alishtuka. "Hujanikosea kitu. Ni mimi niliyewaambia wenzako wakuruke. Unafagia hoteli kutwa, siku sita kwa wiki. Nilikuonea huruma."

"Huruma yako kaa nayo!" Tatu alikuja juu. "Hotelini nafagia kwa watu. Hapa nafagia kwangu. Au hapa si kwangu?"

Mzee akakaa kitini. Halafu akamsimulia Rebenhalde, mtaa aliokulia pembezoni mwa Stuttgart, zamani kijiji cha wakulima wa zabibu kabla jiji halijakimeza. Watu wake wachapakazi kwelikweli, wagumu wa salamu, na jani likianguka barabarani wameshaliona dirishani. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia wakimbizi walimiminika kutoka mashariki. Yeye, mtoto wa miaka mitano, na mamake walikuwa miongoni mwao, wakapewa chumba cha darini. Miaka miwili kibao kikawa kinapita mlango wao. Wenyeji walisema wanawahurumia wageni, wamechoka na safari.

"Safari ya miaka miwili!" alisema mzee. "Siku kilipotundikwa kwetu, mama alilia kwa furaha. Alifagia ngazi, akafagia na barabara ya mbele. Leo mimi, mwanawe, nimekufanyia yaleyale." Machozi yalimlenga. "Nisamehe, mwanangu."

Hasira zote zikamwisha Tatu, akamhurumia mno. Wakaongozana mpaka kwa Khalfan. Mzee akakitoa kibao mwenyewe, akakitundika kwa Tatu.

Asubuhi yake, siku yake ya mapumziko, Tatu alifagia, akadeki, akarudia kudeki. Khalfan akapanda ngazi akitoka kazini, viatu vimejaa mchanga.

"Dada Tatu, pole na kazi."

"Pole ya nini? Hebu rudi chini ukakung'ute viatu. Kwangu hapa haingii mtu na mchanga!"

Khalfan akacheka, akarudi chini.